Mizunguko Sitini na Minane

Mbwana Faki alikuwa fundi wa baiskeli pale Mjambere, na kwa miaka kumi na minane hakuna mtu aliyemrudishia baiskeli kwa kazi mbaya. Banda lake lilikuwa la makuti, limeegemea ukuta wa duka la mafuta ya taa, na ndani yake kila spana ilikuwa na msumari wake. Gurudumu lililopinda alilizungusha mbele ya jicho moja, akakaza spoku nusu duru, akalizungusha tena, akalegeza nyingine, hadi ukingo ukapita mbele ya ncha ya kidole chake bila kukigusa. Mteja akimhimiza, alimjibu, "Bwana wee, gurudumu halijui kama una haraka." Na mteja alingoja.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na moja, kamati ya Mbio za Kisauni ilipotafuta mtu wa kupima njia, halikutajwa jina jingine.

Mbio hizo zilikuwa za kilomita kumi kwa jina tu. Mwaka wa kwanza njia ilipimwa kwa mita ya lori la kokoto. Mwaka wa pili ilipimwa kwa mita ya teksi, na teksi ikapata kilomita tisa mahali ambapo lori lilipata kumi na moja. Watu walibishana wakacheka, kwa kuwa aliyeshinda alipewa jezi na sufuria, na sufuria haiulizi umbali. Lakini mwaka ule ilikuja barua. Kampuni moja ya Nairobi yenye timu ya riadha ilitaka wakimbiaji wanawake sita wa kuajiriwa kazi ya kudumu, na nyumba juu yake. Masharti yalikuwa matatu. Mwanamke asizidi miaka ishirini na sita. Awe amekimbia kilomita kumi chini ya dakika thelathini na tano. Na njia iwe imepimwa, na aliyeipima aandike kwa mkono wake umbali alioupata, kisha atie sahihi.

Kisauni nzima ilijua barua ile ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa Mueni, aliyezaliwa Magogoni kwa wazazi wa Kikamba waliokuja pwani kutafuta kazi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na Januari angetimiza ishirini na saba. Alifanya kibarua katika chumba cha kufulia shuka cha hoteli moja upande wa Bamburi, na kibarua maana yake ni kusimama getini kila asubuhi na wenzako arobaini, msimamizi akichagua kwa kidole. Siku nyingine kidole kilimruka. Kabla ya kwenda kusimama getini alikimbia, kila alfajiri, akipita mbele ya banda wakati Mbwana anafungua.

"Shikamoo, mzee Mbwana."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka na njaa, lakini miguu imeshiba."

Mkononi alivaa saa nyeusi ya plastiki aliyoinunua kwenye mitumba ya Kongowea, yenye kuhesabu hadi vipande mia vya sekunde. Aliipenda kuliko hereni. Siku moja alisimama akaisogeza machoni pa fundi, tarakimu zikikimbizana.

"Hii haikosei hata kope," alisema.

"Haikosei wakati," Mbwana alimwambia. "Njia haiijui. Ukikimbia kilomita tisa itakuhesabia vizuri vilevile."

"Njia ndiyo kazi yako wewe."

"Ndiyo kazi yangu, inshallah."

Aliianza vizuri. Aliazima utepe wa chuma kwa fundi mwashi, akapima mita mia kamili katika uwanja wa shule, akapigilia vigingi viwili. Kwenye spoku ya gurudumu la nyuma alifunga kipande cha bati kilichogonga msumari kila mzunguko, tak, tak. Akaisukuma baiskeli kwa mkono toka kigingi hadi kigingi, mara tatu, na mara zote tatu akapata mizunguko arobaini na mitano na nusu. Hesabu ikawa wazi. Kilomita kumi ni mizunguko elfu nne mia tano na hamsini. Kila mia moja ikitimia angehamisha punje ya mahindi toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Nia yake ilikuwa kuisukuma baiskeli njia nzima kwa miguu, vile vile alivyoisukuma uwanjani, kwa sababu fundi anajua kwamba kipimo ni lazima kitumike katika hali kilichopatikana nayo.

Asubuhi ya kupima, akiwa tayari kwenye mstari wa chokaa wa kuanzia mbio, alifika Mzee Nguma, mwenyekiti wa kamati. Nguma alikuwa karani mstaafu wa bandarini, mtu mwenye uzito wa namna mbili: maneno yake yalisikilizwa, na mwili wake ulikaribia kilo mia. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Mbwana, na ndiye aliyesimamia ndoa ya Mbwana na Mwanarusi.

"Kipimo bila shahidi ni uvumi," alisema Nguma. "Nimekuja kushuhudia."

"Karibu, mzee. Tutakwenda polepole. Mimi nitasukuma, nawe utanifuata."

"Nifuate kilomita kumi kwa miguu? Na goti hili? Panda, bwana. Mimi nitakaa nyuma, nishike hizo punje zako."

Akalikalia keria, kibao cha chuma cha nyuma ya kiti, kabla hajajibiwa. Tairi lilikuwa na upepo kidogo. Vichochoro vya Mjambere ni vya mchanga, na kila mwenye baiskeli hulegeza tairi asizame. Mbwana alikuwa amekuja vivyo hivyo, na pampu aliiacha bandani. Alipopanda na kukanyaga pedali alilihisi gurudumu la nyuma likibonyea chini yao kama mkate uliolowa.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Alijua. Nani alijue gurudumu kuliko yeye? Gurudumu lililobonyea huwa fupi, nalo fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na mizunguko ikizidi, hesabu hutimia kabla njia haijatimia. Neno moja lilitosha: Mzee, shuka. Lakini neno hilo mtoto wa pwani halitoi mdomoni kwa urahisi mbele ya mtu aliyemwozesha. Alijiambia angelisema kwenye kona ya lami. Kona ikaja, naye Nguma alikuwa katikati ya kisa cha meli iliyokwama mwaka wa sitini na saba, na kumkatiza mzee ni ufidhuli. Akajiambia angelisema Magogoni. Magogoni wanawake waliokuwa wakiteka maji bombani waliwaona, wakacheka.

"Fundi, umeoa mke mnene."

"Mwacheni, ni mahari ya fundi," mwingine akadakia, na Nguma mwenyewe akacheka hadi keria ikalia. Kumshusha hapo ingekuwa kumwaibisha. Basi akaendelea. Na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyojishawishi kwamba tofauti yenyewe ni unywele, si kitu. Punje ya arobaini na tano ilipohama, akahesabu mizunguko hamsini mingine, akafunga breki, na Nguma akamwaga chokaa ya mwisho kwa mkono wake.

"Kumi kamili," alisema Nguma. "Nami ni shahidi."

Heshima ni nguo nzuri, lakini kuna mahali ambapo mtu hana budi kuivua, na mahali pa kupima ni pamojawapo. Mbwana hakuivua.

Mbio zilikuwa Jumapili ya pili ya Oktoba. Mueni aliwaacha wanawake wenzake kabla ya Magogoni, akawapita wanaume nusu, akafika kwenye chokaa akiwa peke yake barabarani kama mtu aliyefukuzwa. Saa ya kamati ilisema dakika thelathini na nne na sekunde arobaini na moja. Saa yake ya plastiki ilisema vivyo hivyo. Mama yake, mwanamke mkimya aliyeuza mboga, alikaa chini kwenye vumbi akajifunika uso kwa leso. Mueni alimtafuta Mbwana kwenye umati, akamshika mikono yote miwili.

"Shukrani zako ni za kwanza, mzee. Bila kipimo chako ningekuwa nimekimbia bure."

Mbwana alisema, "Alhamdulillahi," na taratibu akaichomoa mikono yake.

Kulikuwa na Charo, mvunja mawe, mtu wa kitambi aliyekimbia kila mwaka kwa mzaha. Jioni ile alikuja bandani kurekebisha breki, akajitupa kwenye benchi.

"Fundi, mwaka jana nilifika nikatapika. Mwaka huu nimefika nikiimba, na jana nimekunywa mnazi mpaka macho yakageuka. Ama mnazi umekuwa dawa, ama njia yako imetafunwa na panya."

"Kelele, Charo. Lete baiskeli."

"Nauliza tu. Panya wa Kisauni hula hata lami."

Charo alikuwa akitania. Lakini Mbwana hakuweza kula usiku ule, na Mwanarusi, aliyemjua, akaifunika sahani yake.

Kesho yake alirudi kwenye vigingi vya shuleni. Aliisukuma baiskeli tupu: arobaini na mitano na nusu. Kisha akapakia gunia la mchanga kwenye keria, akalegeza tairi kama lilivyokuwa siku ile, akapanda mwenyewe. Arobaini na sita na kitu. Akarudia. Arobaini na sita na kitu. Akaushusha mchanga, akaenda kwenye chokaa ya mwanzo, akaanza kuisukuma baiskeli njia nzima kwa miguu, peke yake, malori yakimpigia honi. Alipofika chokaa ya mwisho alikuwa na mizunguko elfu nne mia nne na themanini na miwili. Ilipungua sitini na minane. Alisukuma sitini na minane zaidi ili aone kwa macho, na akajikuta mbali, mbele ya kinyozi, mita mia na hamsini kasoro chache kupita pale watu walipompigia Mueni vigelegele.

Alikaa kwenye ngazi ya kinyozi akafanya hesabu nyingine, hii ya sekunde. Kwa mwendo wa Mueni, mita mia na hamsini ni nusu dakika na ushei. Thelathini na tano na sekunde kumi na tatu. Sekunde kumi na tatu nje ya mlango.

Barua za kwenda kwa kampuni zilikuwa ziondoke Ijumaa. Jumatatu ile ile alikwenda kwa Nguma, akamkuta barazani anakata kucha.

"Umesema na nani mwingine?" Nguma aliuliza alipokwisha kusikia.

"Na wewe tu."

"Basi imetosha. Wewe tia sahihi, tufunge bahasha."

"Mzee, njia ni pungufu."

"Nairobi nani atakuja hapa na utepe? Unadhani huko bara wanapima? Wanauliza dereva, dereva anasema kumi, wanaandika kumi. Sisi tumepima kwa bati na mahindi."

"Tumepima vibaya. Ulikuwa umekaa nyuma."

Nguma aliacha kukata kucha. "Unanitia mimi hatiani?"

"Najitia mimi. Nilipaswa kukwambia ushuke."

"Na mbona hukuniambia?"

Jibu lenyewe lilikuwa dogo mno kulisema mbele ya jambo kubwa namna ile.

Aliomba mbio zirudiwe kabla ya Ijumaa, kwa wanawake tu, hata kwa watu watatu. Nguma alimhesabia vikwazo bila hasira: kibali cha chifu, askari wa kufunga barabara, mtunza saa wa kutambuliwa, ambaye alikuwa amekwisha kurudi Voi. Wiki tatu, na bahati ikiwapo. "Kijana," akamalizia, "saini yako haimdhuru mtu. Ukweli wako utamdhuru Mueni. Kachague."

Ni maneno yanayosikika kama huruma, na wengi wameyafuata wakaiita huruma. Mbwana aliondoka nayo, akalala nayo siku mbili. Jumatano, saa Mueni alipokuwa ametoka kibaruani, alikwenda Magogoni.

Mueni alikuwa anafua sare yake ya kazi kwenye beseni uani. Alimletea kigoda, akamwamkia, akaendelea kufua huku akicheka. Alisema mama amekwisha kuwaambia watu wa kanisani. Mbwana alimwacha amalize, kisha akamwambia yote, tangu keria hadi ngazi ya kinyozi. Alisema mizunguko, alisema sekunde. Mikono ya Mueni ilisimama ndani ya povu.

"Kumi na tatu," alisema.

"Kumi na tatu, mwanangu."

"Niandikie tu kumi. Hizo kumi na tatu nitazikimbia huko huko. Nikipata chakula cha maana na usingizi, mwezi mmoja nitazifuta. Unanijua."

"Nakujua. Na naamini utazifuta."

"Basi niandikie."

"Siwezi kuandika nisichokipima."

Aliitoa mikono majini, akaikausha polepole kwenye kanga, kidole kwa kidole. Hakupandisha sauti.

"Ulijua lini, mzee?"

"Juzi nilipopima upya."

"Ulijua lini kwamba hapakuwa sawa?"

Mbwana aliangalia chini. Angeweza kusema juzi mara ya pili. "Siku ile ile," alisema. "Nilipopanda. Nililihisi."

"Na mwenyekiti ulimwonea haya."

"Ndiyo."

"Mimi hukunionea." Aliinama akaishika sare, akaikamua. "Ungesema siku ile ningekimbia njia nzima. Labda ningepata, labda ningekosa, lakini ningejua ninakimbilia wapi. Pale Magogoni nilipunguza mwendo, mzee. Niliangalia saa nikaona ninayo nafasi, nikajihurumia mguu. Nilikuwa nazo hizo kumi na tatu. Nilizibakiza."

Mbwana hakuwa ameifikiria hiyo. Katika hesabu zake zote hakuifikiria. Aliinuka, akasema neno la kuomba msamaha, na Mueni akamjibu, "Yamepita," kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni.

Alhamisi aliandika barua. Aliandika kwamba njia ilikuwa na mita elfu tisa mia nane na hamsini, kwamba kosa ni la mpimaji na si la mkimbiaji, na kwamba anaomba mkimbiaji apewe nafasi ya kujaribiwa tena. Akatia sahihi. Nguma aliisoma, akaikunja, akaipeleka. Kwa hilo hakumfanyia hila. Jibu lilikuja Novemba, mistari miwili iliyopigwa chapa: njia haikutimiza umbali, ombi halikubaliwi. Desemba ilijulikana kwamba mmoja wa wale sita waliochukuliwa alitoka mji mmoja wa bara ambako kilomita kumi zilipimwa kwa pikipiki ya mfanyabiashara, toka kituo cha mafuta hadi kanisani, na aliyepima akaandika kumi na kutia sahihi bila kushuka kitini. Habari hiyo aliileta Charo, na mara hii hakutania.

"Sasa umepata nini, fundi?"

"Sikutafuta kupata."

"Yeye alitafuta."

Mtaani walimgeuka. Walisema amemnyima kazi mtoto wa watu kwa ajili ya kipande cha njia kisichotosha hata kuanika samaki. Wengine waliacha kuleta baiskeli. Wengine walileta, wakasimama wakiangalia pembeni anapozungusha gurudumu. Mwanarusi ndiye peke yake aliyesema lililokuwa kweli, siku moja akipakua chakula, bila kumkaripia: "Hukukosea kuandika barua. Ulikosea asubuhi ile. Watu wanakulaumu kwa siku isiyo yake." Halikumfariji, wala yeye hakulisema ili kumfariji. Mtu akichelewa kusema kweli, kweli yenyewe haiharibiki, ila hufika wakati haina tena wa kumwokoa.

Januari ilipita na miaka ishirini na saba ya Mueni ikapita nayo. Kamati haikuitisha mbio tena. Nguma alisema goti limemzidi. Mbwana, kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya kwa mikono yake, alitumia Jumapili tatu kuipima njia upya. Aliisukuma baiskeli tupu, tairi gumu, mara nne, na mara nne alipata tofauti isiyofika urefu wa mtu. Akanunua kopo la rangi nyeupe, akachora mstari mbele ya kinyozi.

Alfajiri ya Jumatatu, akiwa amesimama penye mstari ule, alimwona Mueni akija kwenye lami. Hakuwa anakimbia. Alikuwa amevaa ndara, mfuko wa sare begani, akitembea haraka pamoja na wanawake wawili wa hotelini, na mkononi hakuwa na saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alimfuata hatua mbili tatu. "Nimeipima upya. Toka mwanzo wa mbio mpaka hapa kwa kinyozi. Sasa ni kumi kamili, wallahi, hata ukija na utepe."

Mueni aliugeukia mstari, akautazama kama mtu anavyotazama kitu alichoonyeshwa, akaitikia kwa kichwa.

"Umefanya vizuri, mzee," alisema. "Wacha tuwahi. Siku hizi wanachagua mapema."

Akawakimbilia wenzake hatua chache ili awafikie, kisha akatembea.